Sikio la Mchukuzi

Wilkista aliijua sura ile kabla hajaishusha kamera. Mchukuzi wa saruji alikuwa amesimama mbele ya ghala kuukuu la pamba, gunia begani, shingo imeelemewa upande mmoja, na sikio lake la kushoto limekosa ncha. Watu wa Jinja walimpita kila siku wakienda sokoni, wengine wakamfungia mbuzi kifundoni, na hakuna aliyekuwa na habari naye. Wilkista akapanda kwenye msingi wa sanamu na kuligusa sikio lile kwa kidole. Mbwa wa jirani ndiye aliyeing'oa ncha yake, enzi hizo wakiwa watoto kule Chwele, na mwenye sikio alilia mpaka akabembelezwa kwa kipande cha sukari nguru. Lilikuwa sikio la Wangila, mdogo wake, ambaye hakuna mtu aliyemtia machoni tangu mwaka juzi.

"Dada, huyo unamfahamu?"

Aligeuka. Chini yake alisimama mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi vizuri, viatu vinang'aa. Alikuwa ameongea Kiswahili kilichonyooka, kila neno mahali pake, na Wilkista alihisi moyo unamlainika. Nani asingelainika? Miaka yote aliyoishi Jinja alikuwa akisalimu watu kwa Kiswahili na watu wanamtazama miguuni kwanza, kuona kama amevaa buti. Mjini pale Kiswahili kilikuwa bado kina harufu ya kambi za jeshi na ya miaka ile mibaya ya wanajeshi, wenyewe wakipenda Lusoga, Luganda au Kiingereza. Kwa Mkenya wa Bungoma, mtu anayekusemesha Kiswahili kizuri ugenini ni kama umekutana na jirani.

"Amefanana na ndugu yangu hadi nimeshtuka," akasema.

"Ndugu yako anaitwa nani?"

Hapa mtu angetamani awe karibu amkanyage mguu. Lakini hakuwepo wa kumkanyaga, na Wilkista, machozi yakimlengalenga, akajibu kwa roho safi: "Wangila. Wangila wa Chwele. Tunamtafuta."

"Jina zuri," mwanamume akasema. Akaitazama kamera, akamtazama yeye, akamtakia kazi njema, kisha akaenda zake kwenye gari jeupe lenye vioo vyeusi lililokuwa limeegeshwa kivulini. La kwake jina hakulitaja, na Wilkista hakukumbuka kuliuliza.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kalenda. Wilkista alikuwa na studio ya picha za pasipoti katika mojawapo ya majengo ya Wahindi wa zamani, katikati ya mji, na alikuwa amechoka kupiga nyuso zilizonuna mbele ya kitambaa cha buluu. Conrad, meneja wa hoteli moja ndogo, ndiye aliyemjia na wazo: kila mwezi sanamu moja, za Jinja na za Mbale, zile ambazo watu huzipita bila kuzitazama. Wilkista akaipenda kazi ile kupita kiasi. Sanamu haipepesi macho wala haikuombi uipunguzie weusi. Alizitafuta kwenye mizunguko ya barabara, nyuma ya masoko, kwenye malango ya shule: mvuvi, mshona viatu, mwalimu na chaki yake, na sasa mchukuzi.

Kitu kimoja tu kilikuwa kikimsumbua. Baadhi yao walikuwa na macho yaliyochongwa juu ya kope zilizofungwa, mboni zikiwa zimekwaruzwa kwa ncha ya msumari. Walionekana kama watu walioamshwa kwa nguvu. Alijaribu kuwapiga kutoka pembeni, asubuhi, jioni, na kila mara ilikuwa vilevile.

Alimpigia simu Conrad papo hapo, kuuliza nani alimtengeneza mchukuzi. Conrad akacheka. "Karibu zote ni za mtu mmoja, Geresom wa Busiu, huko njia ya Mbale kwenda Tororo. Kazi yake hasa ni makaburi."

Kisha akapiga nyumbani. Aliyepokea ni Wanyama, baba yake mdogo, ambaye tangu kaka yake afariki ndiye aliyekuwa msemaji wa boma.

"Baba mdogo, nimemwona Wangila."

"Wapi?"

"Ni sanamu. Amesimama barabarani, lakini ni yeye, sikio ni lake."

"Wilkista, leo umekula?"

"Baba mdogo, usinifanyie mzaha."

"Sikufanyii mzaha. Mzaha ni huo wako." Mzee akashusha pumzi. "Leo ni Jumatano. Mgomba umeshakatwa, umelazwa langoni, na shati lake mama yako ameshalifua. Watu wameitwa. Mimi nataka kwako neno moja tu. Mzima, au amekufa? Ukiniambia mzima, nausimamisha msiba. Ukiniambia hujui, Jumamosi tunazika."

Wilkista alijua uzito wa neno hilo. Kwao, mtu akipotea hadi akakatiwa tamaa, hukatwa mgomba, ukavishwa nguo yake, ukalazwa kaburini, watu wakalia wakamaliza. Mama hupata pa kuwekea majani, na roho ya mpotevu hupata pa kulala. Lakini ole wake aliye hai akazikiwa mgomba. Huyo hana tena ruhusa ya kuvuka lango la kwao. Akirudi, hata awe amebeba zawadi mikono miwili, huhesabiwa mzuka, na mama aliyemzaa hufunga mlango. Ndiyo sababu Wilkista alikuwa ameupinga msiba ule mwaka mzima, akagombana na wajomba na mashangazi, akaitwa kichwa kigumu. Sasa alikuwa na siku chache tu na uso wa saruji.

Alhamisi aliondoka Jinja alfajiri. Mbale alisimama kidogo kupiga picha mbili za kalenda, mwanamke wa mtungi penye njia panda na mpiga ngoma karibu na soko. Wote wawili macho yao yalikuwa yamekwaruzwa juu ya kope. Hakukaa sana kuwatazama. Akapanda gari la Tororo, akashuka Busiu, akaelekezwa kijia kilichokatisha katikati ya mahindi mpaka kwenye karakana iliyojaa misalaba na vifuniko vya makaburi vinavyokaushwa juani.

"Hodi wenyewe! Habari za hapa?" Wilkista akaita.

Mwanamke aliyekuwa anachekecha mchanga aliacha alichokuwa akifanya, akaingia jikoni na kufunga mlango. Mwanamume mrefu mwenye mikono iliyopauka kwa saruji akainuka polepole, akasimama wima, mikono ubavuni.

"Ndiyo, afande."

Wilkista akaangua kicheko. "Mzee, mimi si afande. Ni mpiga picha tu, natoka Jinja."

Geresom hakucheka. Alimtazama miguuni, akamtazama usoni, kisha akaita jina la mkewe, Janepher, na mlango wa jikoni ukafunguka kidogo tu.

Bahati ilikuwa kwamba siku hiyo palikuwa na kazi. Jafar, kijana wa bodaboda ambaye wenzake wa stendi walitaka sanamu yenye sura yake, alikuwa ameshalala chali kwenye benchi, uso umepakwa mafuta mpaka unameremeta. Geresom alionekana kufurahi kupata kitu cha kushughulisha mikono. Alikata vikonyo viwili vya jani la mpapai, vile vyenye uwazi ndani, akavipuliza kuhakikisha, akavitia kimoja kimoja katika tundu za pua za Jafar. Ndipo akaanza kummwagia plasta nyeupe, kidevu, mdomo, mashavu, masikio, macho, mpaka Jafar akatoweka na kubaki vikonyo viwili tu vimechomoza.

"Bila hii anakufa," Geresom akasema, akionyesha vikonyo. "Plasta ikishika, mudomo haifunguki. Hawezi sema, hawezi ita mutu. Pua tu."

Pumzi ya Jafar ilikuwa ikipiga mluzi mwembamba katika vile vikonyo, ikiingia na kutoka. Wilkista alipiga picha upesi, akafurahi plasta ilipovuliwa na Jafar akaketi akipiga chafya na kutukana kwa furaha. Alinawa uso, akafumbua macho Geresom ayachore karatasini, akawasha pikipiki yake, akaondoka kwa mbwembwe.

"Njoo," Geresom akasema. Akampeleka ndani kwenye rafu.

Kalibu za nyuso zilikuwa zimepangwa ukutani, kila moja imebonyea ndani pale uso ulipokuwa. Lakini Wilkista aliposogea hatua moja, zote zikageuka kumfuata. Akarudi nyuma, zikarudi naye. Alijua ni mwanga tu unaochezea mabonde, kwa kuwa kazi yake ilikuwa mwanga, na bado alijikuta amekumbatia kamera kifuani. Akajikaza, akazipiga picha zote, kuanzia mwanzo wa rafu hadi mwisho. Ya Wangila ilikuwa karibu na mwisho. Sikio lilimwita.

"Huyu je? Huyu ni ndugu yangu."

Geresom alilitazama lile bonde la uso, kisha akatazama mlangoni, kule kijia kilikotokea barabarani.

"Huyo alikuja," akasema. "Alilala hapa kama Jafar. Mutu ya kucheka sana. Alikula posho na maharage, akaenda."

"Akaenda wapi?"

"Soroti. Kuna mutu iko na namba yake. Rudi kesho, nakupa."

"Ni mzima?"

"Muzima, afande. Muzima kabisa."

Wilkista aliketi juu ya kifuniko cha kaburi la mtu asiyemjua akalia kwa furaha, kwa sauti, bila aibu. Janepher alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Alimtazama mumewe kwa jicho ambalo Wilkista, katika furaha yake, hakujisumbua kulisoma.

Jioni ile alifikia Nkoma, huko Mbale, kwa rafiki yake Lillian, mwalimu, aliyefahamiana naye tangu siku za chuo. Kabla hata hajavua viatu alikuwa ameshapiga simu nyumbani.

"Mama, ni mzima! Yuko Soroti. Aliyetengeneza sanamu yake ameniambia kwa mdomo wake."

Mama alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Akapiga tena. Kisha kikaja kilio, kisha maswali: amekonda? ana mke? mbona hakupiga? Wanyama akamnyang'anya simu. "Sawa. Nimesimamisha. Lakini mgomba hauondoki langoni mpaka tumsikie sauti. Kesho."

"Kesho napewa namba yake," Wilkista akasema.

"Usiponipigia nitapiga mimi," mama akaitikia kwa mbali. "Nitapiga mpaka nimsikie mwanangu."

Lillian alikaanga mayai, wakala, wakacheka. Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia Wilkista alipotoa kamera amwonyeshe zile nyuso. Alianza na Jafar. Akaikuza picha kwenye kioo cha kamera ili Lillian aone kazi ilivyo safi: kope, ndevu chache, na pale penye pua mashimo mawili ya mviringo, makali kama ya bomba, pale vikonyo vilipopita.

Akasogeza picha. Uso wa pili una mashimo mawili. Wa tatu pia. Mwalimu wa chaki, mvuvi, mshona viatu. Halafu rafu ikakaribia mwisho, na mashimo yakaisha.

Mwanamke wa mtungi pua yake ilikuwa imeziba. Mpiga ngoma, imeziba. Wilkista akamfikia Wangila na kumkuza mpaka pua ikajaa kioo chote. Hapakuwa na shimo. Tundu zilikuwa zimejaa, na ndani ya plasta, wazi kabisa kwa mtu aliyezoea kutazama vitu vidogo, kulikuwa na chapa ya nyuzinyuzi laini, zilizosokotana.

Alishawahi kuziona. Alikuwa amesimama kando ya mwili wa baba yake wakati shangazi zake wanamtia pamba puani.

"Nini?" Lillian akauliza. "Mbona umebadilika hivyo?"

Wilkista aliizima kamera. Alishika simu apige nyumbani, akaiweka. Akaishika tena. Angewaambia nini? Kwamba amesoma pua? Asubuhi alimwambia Lillian anakwenda kuchukua namba ya simu, na Lillian akamjua anadanganya, akamwacha.

Karakanani Geresom alikuwa anapiga msasa msalaba. Janepher alikuwa ametoka tu kuchanganya ndoo ya plasta ya kurekebishia kalibu ya Jafar, ambayo ilipasuka sikioni. Wilkista hakubisha hodi. Alisimama mbele yao akageuza kioo cha kamera kiwaelekee, simu yake akaitua juu ya meza ya kazi, ili aishike kamera kwa mikono miwili.

"Huyu mlimtia pamba," akasema. "Ndugu yangu mlimtia pamba."

Geresom aliweka msasa chini.

"Mimi mwenyewe," akasema hatimaye. "Mutu hawezi kuzikwa bila pamba."

Janepher akamshika Wilkista mkono, akamkalisha, na kwa mara ya kwanza akamsemesha, Kiswahili chake kikitoka kwa shida: "Pole, dada yangu. Pole sana."

"Wanaleta na gari nyeupe," Geresom akaendelea, macho kwenye mikono yake. "Wanajua mimi nafanya kaburi. Wanasema, zika. Nauliza, huyu nani? Wanasema, zika, ama tukuzike na wewe. Nimezika. Wote wako hapo nyuma, kwa mahindi. Lakini kaburi ya watu mimi naandika jina, naandika siku. Hawa naandika nini? Basi nachukua uso. Mutu akitaka sanamu ya mujini, naweka uso yao. Nilisema, siku moja mama yake atapita, ataona. Ni hiyo tu nilikuwa naweza."

"Wewe ndiye uliyesema ni mzima! Nimempa mama yangu neno hilo! Kwa nini ulinidanganya?"

"Wewe unaongea Kiswahili kama wao." Geresom aliinua uso, na Wilkista akaona jinsi alivyokuwa anaogopa, mtu mzima yule na mikono yake mikubwa. "Hapa nani anakuja na Kiswahili kama yako? Nilisema, wamemutuma huyu, aone kama mimi nasema."

Wilkista alimchukia, akamhurumia, yote kwa pamoja. Ndipo alipomkumbuka mtu wa viatu vinavyong'aa.

"Hilo gari," akasema taratibu, "lina vioo vyeusi?"

Mume na mke wakatazamana.

"Alinikuta Jinja, nimeshika sikio la sanamu. Aliniuliza ni nani."

"Ulisema?"

"Nilimwambia jina. Nilimwambia na kwetu."

Janepher aliweka mikono kichwani. Akaenda mlangoni, akachungulia, akasema kwa Lumasaba neno moja fupi ambalo halikuhitaji mkalimani. Ncha za mahindi kando ya kijia zilikuwa zinatikisika, na nyuma yake paa jeupe la gari lilikuwa linakuja polepole, kwa kuwa njia ilikuwa mbaya.

Njia nyingine haikuwepo. Nyuma palikuwa na uzio wa seng'enge na lile shamba. Geresom hakupoteza muda kufikiri. "Lala," akasema.

Wilkista akalala kwenye benchi. Janepher aliichukua kamera akaizamisha ndani ya gunia la chokaa, akamfunika Wilkista shuka yake ya kwendea kanisani mpaka shingoni. Mafuta usoni. Vikonyo vya mpapai puani, vibichi, vinachoma. Kisha plasta ikaja, baridi na nzito, mdomo, masikio, macho, na dunia ikazimika. Zikabaki sauti, zikisikika kama zinatoka chumba cha pili.

Mlango wa gari ulifungwa. Viatu vikakanyaga kokoto, bila haraka.

"Habari za kazi, fundi?"

Ni yeye. Kiswahili kilekile, kila neno mahali pake.

"Muzuri, bosi."

"Huyu ni mzima?"

"Muzima, bosi. Mama ya kanisa. Wanataka sanamu yake."

"Siku hizi unafanya hadi wazima." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye adabu. "Kuna mwanamke anazungukazunguka na kamera, anapiga sanamu zako. Mkenya. Amefika hapa?"

"Hapana, bosi. Mimi sijaona."

Plasta ilikuwa imeanza kushika, ikipata joto. Wilkista alijaribu kupumua taratibu kama mtu asiye na la kuogopa, lakini vikonyo vilimsaliti. Mluzi uliingia na kutoka, ukaingia na kutoka, upesi zaidi na zaidi.

Hapo ndipo simu ilipolia mezani.

Ililia kwa mlio aliouweka kwa ajili ya simu za nyumbani tu. Hakuna aliyesogea. Ikalia mpaka ikakata, ikaanza upya, maana mama alisema atapiga mpaka amsikie mwanawe.

"Simu ya nani?"

"Ya… ya huyu mama," Geresom akasema.

"Imeandikwa Mama." Viatu vikasogea mezani. "Mama hakatiwi simu hivyo, si vizuri." Akaipokea, akaiweka sauti ya juu. "Haloo?"

Mama alianza kwa Lubukusu, maneno yakigongana mlangoni mwa mdomo, halafu akanyamaza ghafla. Alikuwa amesikia kwamba ni sauti ya kiume.

"Wangila?" akasema. "Wangila, mwanangu, ni wewe?"

Wilkista alipiga kelele. Alipiga kwa nguvu zake zote, na kelele ikaishia kooni, nyuma ya mdomo uliokuwa sasa jiwe. Akajaribu kuinuka. Mkono ukatua begani mwake kumtuliza, mkono laini, usio na saruji hata chembe, ukamlaza tena.

Yule mwanamume alisafisha koo.

"Ndiyo, mama," akasema. "Ni mimi."

Vigelegele vilijaa karakana nzima. Nyuma yake Wanyama akasikika akiuliza, ni yeye? ni yeye kweli? na mama akimjibu kwa kilio, ni yeye, sauti imekuwa nzito tu. "Na lugha ya kwenu umeisahau, mwanangu! Uganda imekumeza! Haidhuru, haidhuru. Dada yako yuko wapi? Yuko nawe?"

"Yuko hapa, mama. Tuko naye hapa." Mkono ulimpapasa bega, polepole. "Amelala kidogo."

"Mwache alale, amehangaika sana kwa ajili yako. Utakuja lini?"

"Jumamosi. Lakini nimekaa sana, mama, njia imenipotea. Nielekeze."

"Shuka pale Chwele sokoni," mama akasema, akicheka na kulia pamoja, "ushike njia ya kanisa la Marafiki mpaka uvuke mto, halafu kushoto. Utaona mgomba umelazwa langoni. Usiogope ule mgomba, mwanangu. Tulikuwa tumeukata wa kukuzikia."